Ujira Nilipokea, Jina Je?

Mwenye nyumba wetu ni mzee muungwana. Hagongi mlango kwa kishindo wala hatoi maneno ya kuvunjiana heshima mbele ya watoto. Akija kudai kodi huketi kibarazani, huomba maji ya kunywa, huuliza hali ya kila mmoja wetu, kisha husema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mwezi unakwisha." Maneno hayo matatu, ndugu msomaji, ndiyo yaliyoniingiza katika biashara ninayotaka kuisimulia leo.

Ilikuwa mwaka juzi. Kodi ya miezi sita ilikuwa inakaribia, na mshahara wa mwandishi wa habari kila mfanyakazi anaujua ulivyo: huingia mlangoni ukatokea dirishani. Siku hizo alinijia mtu mmoja anayetengeneza tamthilia za televisheni, ambaye sina haja ya kumtaja jina. Alikuwa amezisoma makala zangu za mambo ya jamii, akazipenda. Tuliketi katika mkahawa mmoja, akaagiza chai na sambusa, akanieleza shida yake. Waigizaji alikuwa nao, kamera alikuwa nazo, nyumba ya kupigia picha alikwisha kuipata. Hadithi ndiyo hakuwa nayo. Alitaka vipindi sita vya nusu saa kila kimoja. Malipo yangekuwa taslimu, nusu mwanzoni na nusu kazi ikiisha.

"Sharti langu ni moja tu, ndugu yangu," alisema huku akikoroga sukari. "Jina la mtunzi litakuwa la mwigizaji wetu mkuu. Yeye ndiye anayejulikana. Wewe chukua fedha, yeye achukue jina, kila mtu atakuwa amepata chake."

Chai haikuwa imepoa nilipokubali.

Kwa muda wa wiki tano niliandika usiku, watoto wakiisha lala, juu ya meza ile ile tunayolia chakula. Upande wa pili wa meza hukaa cherehani ya mke wangu, ambaye hushonea magauni duka moja la Kariakoo. Yeye alikuwa akishona, mimi nikiandika, na mara kwa mara aliniuliza, "Huyo shangazi umemfikisha wapi?" Shangazi mwenyewe, katika hadithi ile, nilimtoa katika maisha ya mama yangu mzazi: maneno yake, methali zake, hata namna yake ya kukohoa kidogo kabla ya kumkemea mtu. Kazi ikaisha, fedha nikalipwa zote bila kupunguziwa senti, na kodi nikaitoa kwa wakati. Katika hilo sina lawama kwa mtu yeyote.

Lawama ilianza siku tamthilia ilipoonyeshwa. Majirani walikuja sebuleni kwetu, wengine wakaketi sakafuni. Walicheka nilipotaka wacheke, na mama mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya khanga pale shangazi alipofukuzwa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kipindi kilipokwisha yakapita majina: mwongozaji, mpiga picha, mshona mavazi, hata aliyepika chakula cha waigizaji. Katika nafasi ya mtunzi lilipita jina la mtu ambaye hakuandika hata mstari mmoja. Binti yangu, wakati ule yuko darasa la tano, akanigeukia na kuuliza, "Baba, mbona shangazi yule anaongea kama bibi?"

Nikamjibu, "Watu hufanana, mwanangu."

Uwongo ule ulikuwa mdogo, lakini ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa mtu yule amerudi. Safari hii anataka vipindi kumi na viwili, na malipo yameongezeka. Sharti ni lile lile. Na mwenye nyumba, kwa adabu yake ile ile, amekwisha kuomba maji ya kunywa. Nilikuwa katika hali hiyo mwenzangu wa kazini aliponipa filamu iliyotengenezwa mwaka 2015 juu ya mtu aliyeitwa Dalton Trumbo, mwandishi wa filamu wa Marekani. Niliitazama mara mbili, kisha nikatafuta habari za mtu huyo, kwa maana niliona kama kwamba ananihusu.

Trumbo alizaliwa tarehe 9 Desemba 1905 katika mji wa Montrose, jimbo la Colorado, akakulia Grand Junction katika jimbo hilo hilo. Baba yake alikuwa mtumishi wa duka la viatu. Angali mwanafunzi wa sekondari, kijana huyo aliliandikia gazeti la mji wao habari za mahakama, za shule na za mazishi, kama wengi wetu tulivyoanza. Alisoma Chuo Kikuu cha Colorado kwa muda mfupi tu, kwa kuwa familia ilihamia Los Angeles kutafuta riziki, na mwaka 1926 baba akafariki. Mzigo wa mama na dada wawili ukamwangukia yeye. Akaingia katika kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, na huko alikaa kwa miaka ipatayo minane. Usiku alifungasha mikate, mchana aliandika. Hadithi zake zilirudishwa moja baada ya nyingine, naye hakukata tamaa.

Katikati ya miaka ya 1930 mlango ulifunguka. Riwaya yake ya kwanza, iitwayo Eclipse, ilitoka mwaka 1935, na katika miaka hiyo aliingia Hollywood, kwanza kama msomaji wa miswada ya wengine, kisha kama mwandishi. Mwaka 1938 alimwoa Cleo Fincher, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1939 alitoa riwaya ya Johnny Got His Gun, juu ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza aliyepoteza mikono, miguu na uso, akabaki na akili yake tu. Filamu yake ya Kitty Foyle ya mwaka 1940 ilimfanya ateuliwe kushindania tuzo ya Oscar. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 alikuwa miongoni mwa waandishi waliolipwa vizuri kupita wote Hollywood. Mfungasha mikate alikuwa ametajirika.

Mwaka 1943 Trumbo alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Marekani. Wakati ule Marekani na Urusi zilikuwa upande mmoja vitani. Vita vilipokwisha urafiki huo nao ukaisha, na Oktoba 1947 kamati ya Bunge la Marekani ikawaita watu wa filamu kuwahoji: je, wewe ni mwanachama wa chama hicho, au umepata kuwa mwanachama? Trumbo na wenzake tisa walikataa kujibu. Walisema kwamba Katiba ya nchi yao inamlinda raia katika imani yake na katika watu anaoshirikiana nao. Msomaji si lazima akubaliane na siasa za mtu huyu. Hata baadhi ya marafiki zake hawakukubaliana nazo. Hoja ilikuwa kama serikali ina haki ya kumnyima mtu kazi ya mikono yake kwa sababu ya mawazo yaliyo kichwani mwake.

Watu kumi hao walishtakiwa kwa kulidharau Bunge. Mwezi Novemba mwaka ule ule wakubwa wa makampuni ya filamu walikutana New York, wakatangaza kwamba hawatawaajiri tena. Mwaka 1950 Trumbo aliingia gerezani Ashland, jimbo la Kentucky, akatumikia miezi ipatayo kumi. Alipotoka hakukuwa na kampuni iliyothubutu kuliandika jina lake. Akaichukua familia yake akaenda kuishi Mexico, na huko nako fedha zikawaishia. Waliporudi Marekani, binti yake mdogo alitengwa shuleni kwa sababu ya jina la baba yake.

Hapa ndipo hadithi inapofanana na yetu, sisi tuliowahi kuishi katika siku za uhaba. Bidhaa ikifungiwa mlango wa mbele, hutafuta mlango wa nyuma. Likazuka soko la magendo la miswada. Makampuni yale yale yaliyoapa hadharani kwamba hayatamwajiri Trumbo, na mengine madogo, yalinunua kazi yake gizani kwa bei ya kutupa. Yeye aliandika mfululizo kwa majina ya bandia na kwa majina ya marafiki, usiku kucha, mara nyingi akiwa ndani ya beseni la kuogea, ubao umekingamishwa juu ya maji na karatasi zake zimepangwa juu ya ubao.

Filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953, iliyochezwa na Gregory Peck na Audrey Hepburn, hadithi yake ilikuwa ya Trumbo. Rafiki yake, mwandishi Ian McLellan Hunter, alikubali kuweka jina lake mwenyewe mahali pa jina la Trumbo, na fedha akampelekea mwenyewe. Hadithi hiyo ikapata Oscar, na tuzo ikaandikwa jina la Hunter. Miaka michache baadaye, usiku wa tarehe 27 Machi 1957, tuzo ya hadithi bora ilikwenda kwa filamu ya The Brave One, juu ya mtoto wa Mexico anayejitahidi kumwokoa fahali wake asiuawe uwanjani. Mtunzi aliyetajwa aliitwa Robert Rich. Likaitwa jina hilo, na hakuna mtu aliyetokea. Ofisa wa chama cha waandishi akapanda jukwaani kuipokea tuzo kwa niaba yake, akaeleza kwamba Bwana Rich yuko hospitali kwa mkewe anayejifungua. Bwana Rich wa kuandika filamu hakuwako duniani. Aliyekuwako ni Trumbo, nyumbani kwake, akitazama televisheni.

Waandishi wa magazeti walipomwuliza kama yeye ndiye Robert Rich, hakukubali wala hakukanusha. Aliwaacha wakisie. Kila kazi nzuri iliyotoka bila mwenyewe ikadhaniwa kuwa yake, na marufuku ile ikaanza kuchekwa. Mwaka 1960 ukuta ulianguka. Mwezi Januari mwongozaji Otto Preminger alitangaza kwamba mwandishi wa filamu yake ya Exodus ni Dalton Trumbo, na mwaka huo huo jina lake likaonekana pia katika Spartacus, filamu ya Kirk Douglas juu ya uasi wa watumwa wa Roma ya kale. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuwa ameliona jina lake mahali hapo.

Mwaka 1970, chama cha waandishi kilipomheshimu, alisimama akawaambia wenzake kwamba hakuna faida ya kutafuta nani alikuwa shujaa na nani alikuwa mwovu katika miaka ile, kwa kuwa wote walikuwa wameumizwa. Baadhi ya wenzake waliofungwa pamoja naye walikasirika kwa maneno hayo, nami nawaelewa. Mwaka 1975, akiwa mgonjwa, hatimaye alikabidhiwa sanamu ya Oscar ya The Brave One, miaka kumi na minane baada ya usiku ule wa Bwana Rich. Alifariki tarehe 10 Septemba 1976. Tuzo ya Roman Holiday alikabidhiwa mjane wake, Cleo, mwaka 1993. Jina lake katika orodha rasmi ya waandishi wa filamu hiyo lilirudishwa na chama cha waandishi mwezi Desemba 2011, na madai hayo yalianzishwa na vijana wawili: mwana wa Trumbo, Christopher, aliyekuwa mwandishi wa filamu na televisheni kama baba yake, na mwana wa Hunter. Mtoto wa aliyeazima jina alisimama na mtoto wa mwenye kazi, kusema kwamba haki ya mtu irudi kwake. Christopher mwenyewe alifariki Januari mwaka ule, hakuiona siku hiyo.

Nilimsimulia mke wangu habari hizi zote akiwa mbele ya cherehani. Alinisikiliza hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema: "Baba watoto, mimi nashona magauni ishirini kwa mwezi. Yakifika dukani hubandikwa lebo ya duka. Hakuna mwanamke anayeyavaa harusini anayejua kwamba mimi nipo duniani. Miaka sita sasa. Mbona sijakuona ukinililia mimi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekula mkate wa magauni yale miaka yote sita bila kufikiri habari ya lebo. Mwandishi hupenda kudhani kwamba jasho lake ni tofauti na jasho la mshonaji, la mpishi au la mwashi aliyejenga ghorofa ambalo kibao chake kimeandikwa jina la mgeni rasmi aliyelifungua. Nikamwomba radhi, naye akacheka, akasema radhi haishonwi, nimletee chai.

Jumapili iliyofuata tuliitazama pamoja hiyo Roman Holiday. Ni hadithi ya binti wa mfalme anayetoroka kwa siku moja mjini Roma, akaangukia mikononi mwa mwandishi wa habari. Mwandishi huyo anatambua kwamba amepata habari itakayomlipa fedha nyingi. Mwisho wake, kwa ajili ya heshima ya binti yule, anaiacha habari isichapwe na fedha zinampita.

"Umeona?" mke wangu akasema. "Naye anadaiwa kodi ya nyumba."

Ni kweli, mwandishi yule katika filamu anadaiwa kodi. Nilikuwa nimelitazama jambo hilo bila kuliona. Aliyeiandika alikuwa mtu mwenye madeni, amezuiliwa kazi, na hata hivyo akaandika juu ya mtu mwenye deni anayeacha fedha zipite.

Mke wangu alinyamaza kitambo, kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. "Lebo mimi hainiumizi sana, kwa sababu watoto wangu wanajua nashona nini. Likipita gauni langu njiani, mtoto hunivuta mkono akasema, mama, lile lako. Wewe kazi yako umemficha hata mtoto wako. Alikuuliza, ukamdanganya. Mimi naona hapo ndipo penye kasoro."

Ndipo nilipouona mpaka uliopo kati yangu na Trumbo, na si mpaka wa kunipendeza. Yeye alinyang'anywa jina; mimi niliuza. Yeye alijificha kwa kuwa milango yote ilifungwa, na kila jina la bandia alilolitumia lilikuwa nyundo ya kuuvunjia mlango. Mimi milango ilikuwa wazi. Rafiki yake alilitoa jina lake ili fedha zimfikie mwenye kazi, akiihatarisha riziki yake mwenyewe. Mtu wangu alilitoa jina la mwingine ili sifa isinifikie. Nikijifananisha na shujaa yule nitakuwa najipamba kwa manyoya ya ndege mwingine.

Mwenzetu mmoja anayejua sheria alinieleza kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya nchi yetu, ya mwaka 1999, inamtambua mtunzi, pamoja na haki yake ya kutajwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi. Tena akanishauri kwamba makubaliano yoyote yawe kwenye karatasi, si juu ya kikombe cha chai. Nawapa ushauri huo vijana wengi wanaoandika siku hizi kwa ajili ya televisheni na simu: andikianeni, ndugu zangu. Chai hupoa, na maneno yake hupoa nayo.

Nilimpigia simu yule mtayarishaji. Nilimwambia nitaiandika kazi yake, na nimpunguzie bei, ila jina langu liandikwe mahali pake, hata kwa herufi ndogo. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Nitakupigia." Leo ni wiki ya tatu na simu haijalia. Kodi tumelipa ya miezi mitatu kwa mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa pale kazini, na mzee wetu muungwana ameikubali nusu hiyo. Sijui nitasema nini miezi mitatu hiyo ikiisha. Mtu mwenye njaa hahubiriwi, nami siwezi kumlaumu mwandishi mwenzangu atakayeipokea kazi niliyoiacha.

Lakini jambo moja nimelimaliza. Juzi jioni, baada ya chakula, nilimwita binti yangu nikamwambia kwamba shangazi wa tamthilia ile nilimwandika mimi, na kwamba kweli alikuwa ni bibi yake. Hakushangaa.

"Nilijua," akasema. "Bibi naye anajua. Siku ile alisema, huyu anayeandika ni mwanangu, ila ameona haya."

Kesho yake nilikwenda kwa mama kumwomba radhi. Alikohoa kidogo kabla ya kunikemea.